Ratiba ya Mpira Mnayo, Mbona Mnashangaa?

Leo naziacha kidogo habari za seva na lugha za programu. Kuna jambo linanikera tangu siku nyingi na leo nitalitoa lote. Linahusu mabosi, likizo na mpira. Kabla hujauliza mpira umeingiaje kwenye ukurasa wa kompyuta, vumilia kidogo. Utaona kwamba ni jambo la kompyuta hasa.

Kila yanapofika mashindano makubwa, maofisi yetu hupatwa na ugonjwa wa ajabu. Watu huumwa na tumbo saa saba mchana, hasa siku ambayo timu ya Afrika inacheza. Nyanya aliyezikwa zamani huzikwa tena. Gari la abiria huharibikia njiani mahali ambapo halijawahi kuharibikia. Bosi naye anashangaa! Anaita mkutano, anafoka, anabandika tangazo ukutani kwamba yeyote atakayeondoka bila ruhusa ataona cha mtema kuni. Mashindano yanaisha, tangazo linabanduliwa, na yakija mengine tunaanza upya kana kwamba ni mara ya kwanza mpira kuvumbuliwa.

Msimamo wangu ni huu. Hakuna kitu kazini kinachotangazwa mapema kama ratiba ya mpira. Stima ikipotea hapa Isiolo mara nyingi hakuna aliyekupigia simu kukuonya. Mtoto wa mfanyakazi akishikwa na homa usiku, hakuna ratiba. Lakini Kombe la Dunia tunajua mwaka wake, mwezi wake, siku yake na dakika ya kuanza, miezi mingi kabla ya filimbi. Mwajiri anayeshangazwa na jambo la namna hiyo hajaibiwa saa na wafanyakazi. Ameshindwa kupanga, halafu anatafuta wa kumlaumu.

Tuanze na saa

Wengi wanadhani tatizo ni lilelile kila mara: watu wanatoroka kazi kwenda kutazama mpira. Sivyo. Tatizo hubadilika kufuatana na nchi inayoandaa mashindano. Hebu tazama saa za mechi nyingi za hatua ya makundi, kwa saa zetu za Afrika Mashariki:

2002, Korea Kusini na Japani: saa tatu na nusu asubuhi, saa sita mchana, saa nane na nusu mchana.

2010, Afrika Kusini: saa nane na nusu mchana, saa kumi na moja jioni, saa tatu na nusu usiku.

2014, Brazil: saa moja usiku, saa nne au saa tano usiku, saa saba usiku.

2018, Urusi: saa tisa alasiri, saa kumi na mbili jioni, saa tatu usiku.

2022, Qatar: saa saba mchana, saa kumi jioni, saa moja usiku, saa nne usiku.

2026, Marekani, Kanada na Meksiko: saa moja usiku, saa nne usiku, saa saba usiku, na nyingine hata saa kumi alfajiri.

Umeona? Senegal walipoifunga Ufaransa 1-0 tarehe 31 Mei 2002 ilikuwa Ijumaa, saa nane na nusu mchana, watu wakiwa kazini. Jumatatu ya tarehe 28 Novemba 2022 Kamerun walitoka 3-3 na Serbia kuanzia saa saba mchana, kisha Ghana wakaifunga Korea Kusini 3-2 kuanzia saa kumi. Mabao 11 katika alasiri moja ya siku ya kazi, na timu mbili za Afrika! Sasa niambie wewe bosi, ulitarajia nani akae akijaza fomu?

Lakini mashindano ya 2026 yalipangwa kuanza tarehe 11 Juni hadi 19 Julai, mechi 104, na karibu zote ziko nje ya saa za ofisi kwetu. Bosi wa tangazo la ukutani atasema hapa hakuna tatizo. Hapo ndipo ninapogombana naye. Mechi ya saa saba usiku inaisha karibu saa tisa. Mfanyakazi anafika saa mbili asubuhi akiwa hajachelewa hata dakika moja, amesaini daftari la mahudhurio, na kichwani hayupo. Mwili umefika, akili imebaki kwenye banda la mpira.

Mahali ambapo si mchezo tena

Kwa mtu kama mimi, kusinzia kazini kuna hasara ndogo. Nitaandika msimbo mbovu, nitaufuta kesho. Lakini Isiolo si mji wa watu wa kompyuta. Ni mji wa barabara. Kutoka hapa hadi Moyale ni kama kilomita 500 za lami iliyonyooka, joto kali, na sehemu ndefu ambazo hukutani na mtu. Dereva wa lori aliyekesha akitazama mpira, akatoka saa kumi na moja alfajiri, anaweza kulala huku macho yake yako wazi. Muuguzi wa zamu ya asubuhi anapima dawa ya mtoto kwa mililita. Mlinzi, fundi wa stima, mwenye bodaboda anayebeba mwanafunzi, wote hawa kosa lao halifutiki kesho.

Basi jiulize: yule dereva, je, anaweza kumwambia bosi wake, "Mzee, kesho naomba nitoke saa nne asubuhi badala ya kumi na moja, leo nitakesha"? Katika kampuni nyingi ninazozijua, hathubutu. Ataambiwa hana adabu, au ataambiwa wako wengi wanaoitaka kazi yake. Kwa hiyo ananyamaza, anakesha, anaosha uso kwa maji baridi, anawasha gari. Bosi hana habari kwamba ana hatari barabarani, kwa sababu yeye mwenyewe amefanya ukweli kuwa ghali kuliko uongo.

Hilo ndilo kosa kubwa la sera hizi za vitisho. Mpira watu watautazama tu. Kitakachopungua ni habari zinazomfikia mwenye kupanga kazi. Na sisi watu wa kompyuta tunajua mfumo usiopata habari za kweli hufanya nini: hutoa majibu mabovu kwa ujasiri mkubwa.

Programu inayofundisha uongo

Sasa tufike kwenye fani yangu. Nimefungua mifumo mingi ya likizo, ya kununuliwa na ya kutengenezwa hapa nchini, na mingi ina ugonjwa mmoja. Jedwali la likizo lina jina la mfanyakazi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza na aina: ya mwaka, ya ugonjwa, ya uzazi, ya msiba. Basi. Kipimo kidogo kabisa ni siku nzima.

Mfanyakazi anahitaji saa mbili. Mfumo unamwambia achague: ateketeze siku nzima ya likizo yake, au atafute aina nyingine kwenye orodha. Na ipi kwenye orodha haikatwi kwenye siku zake za mwaka? Ugonjwa. Kwa hiyo anaugua. Aliyechora lile jedwali amewafundisha watu kusema uongo, na baadaye meneja anatoa ripoti yenye grafu nzuri inayoonyesha kwamba afya ya wafanyakazi huzorota mwezi wa Juni. Cheka, lakini ndivyo ilivyo.

Halafu kuna kile kisanduku cha "Sababu", ambacho lazima kijazwe la sivyo fomu haiendi. Cha nini? Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 28, inampa mfanyakazi siku za kazi zisizopungua 21 za likizo yenye malipo kamili kwa kila miezi 12 aliyotumika. Siku hizo ni zake. Mwajiri ana haki ya kujadili lini zichukuliwe ili kazi isisimame, na hilo ni sawa kabisa. Lakini kama mtu anazitumia kuoa, kulima, kulala au kutazama Argentina, inamhusu nani? Sheria hiyohiyo inaruhusu likizo kugawanywa vipande kwa makubaliano ya pande zote mbili. Mlango upo wazi, ila programu zetu zimeufunga kwa kufuli.

Kuna pia jambo la tarehe. Mechi ya saa saba usiku inaandikwa Alhamisi kwenye ratiba ya Marekani, lakini kwetu tayari ni Ijumaa. Na wazee wetu wa pwani wakisema "usiku wa Ijumaa" wanaweza kuwa na maana ya usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa, kwa kuwa siku yao huanza jua likitua. Mfanyakazi anaomba ruhusa ya "asubuhi baada ya mechi ya Alhamisi", karani anaandika Alhamisi, na siku yenyewe hakuna mtu kwenye zamu. Ongeza saa ya Kiswahili na saa ya Kizungu, saa moja inayoweza kuwa 1:00, 7:00 au 19:00, na una fujo kamili. Dawa yake ni rahisi: hifadhi mwanzo na mwisho wa ruhusa kama saa kamili ya UTC, ionyeshe kwa saa za hapa, na kwenye karatasi andika "usiku wa kuamkia" tarehe fulani. Hakuna atakayekosea.

Msinunue jicho la kuchungulia

Badala ya kurekebisha hayo, waajiri wanafanya nini? Wananunua vifaa vya kupeleleza. Mteja mmoja, simtaji, aliniita kabla ya mashindano fulani akataka nimfungie tovuti zote za video, nimwekee programu ya kupiga picha ya skrini za wafanyakazi kila dakika chache, na mashine ya alama za vidole mlangoni, ya kutumika pia mtu akienda msalani. Nilimuuliza maswali matatu, nami nawapa ninyi pia.

La kwanza: wafanyakazi wako wana simu? Wanazo, na wana bando zao. Utafunga tovuti kwenye kompyuta za ofisi, watatazama kwenye simu chini ya meza. Umenunua kufuli la mlango wa mbele katika nyumba isiyo na ukuta wa nyuma.

La pili: unajua alama za vidole ni nini kisheria? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaziweka katika kundi la data nyeti. Ukizikusanya una wajibu wa kueleza kwa nini unazihitaji, kuzilinda na kutozitumia kwa jambo jingine. Nywila ikivuja nitaibadilisha. Kidole changu kikivuja nibadilishe nini?

La tatu: shida yako hasa ni ipi? Akasema intaneti inakwama watu wakitazama mpira. Sawa, hiyo ni shida ya kweli, tupige hesabu. Video kwenye simu hula kama megabiti 1 hadi 3 kwa sekunde. Watu 10 wakitazama kila mmoja kwake, ni megabiti 10 hadi 30, na ofisi nyingi za hapa hazina zaidi ya hizo. Weka televisheni moja chumba cha chai. Mechi ikiwa kwenye kituo cha bure, antena ya paa haili hata megabiti moja ya intaneti. Antena ni bei ndogo kuliko leseni ya mwezi mmoja ya ile programu ya upelelezi.

Hakunipa kazi ile. Haidhuru.

Wenzetu walifanyaje?

Wako waliolichukua jambo hili kwa uzito. Kamerun walipoandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwanzoni mwa 2022, serikali ilipunguza saa za shule na za ofisi za umma kwa kipindi cha mashindano: wanafunzi watoke saa saba mchana, watumishi saa nane. Unaweza kupinga uamuzi wenyewe, maana mtoto kukosa masomo kwa ajili ya kujaza uwanja ni hoja nzito. Lakini kila mmoja alijua mapema, mzazi, mwalimu na karani.

Brazil wakati wa Kombe la Dunia la 2022 watumishi wa serikali kuu waliruhusiwa kupunguza saa siku ambazo timu yao inacheza, kwa sharti kwamba saa hizo zilipwe baadaye kwa kazi. Hapo napapenda. Saa hazikutolewa bure. Zilikopeshwa, zikaandikwa, zikadaiwa.

Halafu kuna njia ya tatu, sikukuu ya ghafla. Saudi Arabia walipoifunga Argentina 2-1 tarehe 22 Novemba 2022, mfalme alitangaza kesho yake kuwa mapumziko. Senegal walifanya hivyo tarehe 7 Februari 2022 baada ya kutwaa Kombe la Afrika, na Kodivaa tarehe 12 Februari 2024. Ni furaha, sikatai, nami ningeshangilia. Lakini hiyo ni sherehe. Mwenye duka la dawa hawezi kupanga zamu kwa kutegemea matokeo ya penalti.

Na kwa nini twende mbali? Hapa Isiolo tayari tunajua kufanya jambo hili. Ramadhani ikiingia, nani anahitaji mshauri kutoka Nairobi? Waislamu wanaingia mapema na kutoka mapema wawahi futari, na mwenzao Mkristo anashika zamu ya jioni. Krismasi ikifika, fadhila inarudishwa. Silinganishi ibada na mpira, msinielewe vibaya. Nasema tu ule ujuzi wa kupokezana saa tunao, na mji haujawahi kusimama kwa sababu yake. Tena yule mwenye hoteli anayejiandaa mapema kwa ajili ya Lewa Safari Marathon, mbio zilizoanza 2000 na ambazo kwa kawaida huja mwishoni mwa Juni, akahesabu vyumba, magari na wapishi, ndiye huyohuyo anayekwambia Kombe la Dunia haliwezi kupangiwa. Wageni wanapangiwa. Wafanyakazi wake mwenyewe wanatishwa.

Pendekezo langu, lisilohitaji hata kompyuta

1. Ratiba ikitoka, ibandike palipokuwa lile tangazo la vitisho. Kila mtu aandike jina lake kwenye mechi zisizozidi sita anazozitaka kweli. Hakuna binadamu anayehitaji mechi 104.

2. Amua idadi ya chini ya watu wa kila zamu, na uitangaze kabla majina hayajaandikwa. Kama duka linahitaji wawili, ni wawili, fainali au si fainali.

3. Waliozidi wapige kura ya kijiti. Aliyekosa mechi hii anatangulia kwenye inayofuata. Bosi naye jina lake liwe kwenye kijiti. Ndiyo, bosi, wewe.

4. Ruhusa ihesabiwe kwa saa. Saa zilizochukuliwa zirudishwe katika muda uliokubaliwa, ama zikatwe kwenye likizo ya mwaka kwa sehemu ya siku. Yote yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili.

5. Kwa mechi za usiku wa manane, ruhusu kuanza kazi kwa kuchelewa. Na kwa kazi za hatari, yaani dereva, muuguzi, fundi wa stima, iwe kanuni: aliyekesha anasema, hapangiwi asubuhi, na haadhibiwi kwa kusema.

6. Aliyepewa nafasi hizi zote na bado akadanganya, huyo mchukulie hatua. Kukosekana kazini bila ruhusa wala sababu halali ni jambo linaloweza kumfukuzisha mtu kazi chini ya kifungu cha 44 cha Sheria ya Ajira, na kifungu cha 41 kinataka asikilizwe kwanza. Mimi sitetei watoro.

Sasa hesabu, kwa wale wanaosema biashara itakufa. Chukua ofisi ya watu 8, siku 22 kwa mwezi, saa 8 kwa siku. Hizo ni saa 1,408. Tuseme watano ni wapenzi wa mpira, kila mmoja anachukua saa mbili kwa mechi sita. Jumla ni saa 60, yaani kama asilimia 4 tu, na zote zinarudi. Mkutano wa Jumatatu asubuhi wa kufokea watu kuhusu mpira, dakika 45 kwa watu 8, ni saa 6 zilizopotea na hazirudi. Fanya mikutano hiyo kumi na umelipia Kombe lote.

Najua mtasema nini

"Na wasiopenda mpira?" Swali zuri kuliko yote, na ndilo linalonifanya nidai maandishi. Leo ruhusa hutolewa kwa kunong'onezana. Meneja ni shabiki, anatoka na marafiki zake wawili, na yule dada wa kaunta asiyejua hata uwanja una pembe ngapi anaachiwa foleni nzima. Akisema, anaambiwa ni mechi moja tu. Zikifika mechi ishirini, hakuna anayekumbuka. Saa zikiandikwa, kila saa aliyomshikia mwenzake inakuwa deni analodai. Atalitumia siku ya mkutano wa shule, siku ya soko la mifugo, siku ya harusi ya binamu. Mtu huyu ndiye anayepoteza zaidi chini ya mfumo wa sasa, si shabiki. Shabiki atatoroka. Yeye anabaki.

"Leo mpira, kesho wataomba kwa ajili ya tamthilia." Waombe! Kama idadi ya zamu imetimia na saa zinarudi, umepoteza nini? Ndiyo maana nasema kisanduku cha sababu kifutwe. Ukianza kupima sababu ipi ni tukufu, utakuwa kadhi wa starehe za watu wazima.

"Mimi nina wafanyakazi wawili tu." Basi kazi yako ni nyepesi zaidi, daftari la shilingi hamsini linatosha. Ila usimwambie mmoja aende kila mara kwa sababu ni mpwa wako.

"Ukiwapa kidole watachukua mkono." Wameshauchukua, ndugu yangu. Wanaumwa na tumbo kila timu ya Afrika inapocheza. Mimi nakuomba uanze kuuandika huo mkono ujue una urefu gani.

Mtihani wenyewe unakuja

Nasema haya sasa kwa sababu moja. Tarehe 27 Septemba 2023 Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Safari hii mechi zitakuwa kwetu, kwa saa zetu, na watu watataka kwenda uwanjani wenyewe. Hapo saa mbili hazitoshi. Kutoka Isiolo hadi Nairobi ni karibu kilomita 280, na mtu wa Merti au Garbatulla ana safari nyingine kabla ya hapo. Mechi moja kwake ni siku mbili, labda tatu.

Tulishaonja mwezi wa Agosti 2025, Kenya ilipokuwa mwenyeji mwenza wa CHAN. Robo fainali ya Harambee Stars na Madagascar ilichezwa Kasarani tarehe 22 Agosti, siku ya Ijumaa. Tulitolewa kwa penalti, na sitaki kukumbushwa. Lakini Ijumaa ile iliwakuta waajiri wengi wakiwa na mfumo uleule: siku nzima au uongo. Na hiyo ilikuwa CHAN, ya wachezaji wa ligi za nyumbani tu. Je, 2027 itakuwaje?

Kwa wenzangu watengeneza programu, kazi yetu ni ndogo na haina utukufu. Badilisheni kipimo kutoka siku kwenda saa. Ongezeni jedwali la kubadilishana zamu, lenye anayedai na anayedaiwa. Futeni kisanduku cha sababu. Wekeni idadi ya chini ya watu kwa kila zamu, mfumo ukatae wenyewe ikipungua, ili asilaumiwe karani. Ni kazi ya wiki moja, mbili ukiwa mvivu. Mteja akiomba kamera ya kuchungulia, mpeni hiyo kwanza.

Kwa waajiri: ratiba ya 2027 ikitoka, ichapishe siku hiyohiyo na umpe kalamu mfanyakazi wa kwanza atakayepita. Na dereva wako akikwambia amekesha, mshukuru, mpe chai, mpangie kutoka saa nne.

Haya, nimemaliza. Anayepinga aje na hesabu zake, tushindane kwa namba. Karibuni.